Taya Jipya la Droo

Benchi letu liko Mlandege, hapa Iringa mjini, mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu, pale upepo wa mwezi wa saba unapoingia mpaka kwenye mifupa. Ni ubao mmoja wa paini, watu watano wakijibana. Mimi hapa kijiweni naitwa Soli, kwa sababu ya kazi yangu. Kulia kwangu hukaa Mzee Roli, aliyefanya kazi kiwanda cha karatasi kule Mgololo miaka ishirini na mbili, na mpaka leo ukimwambia kichwa kinakuuma anakuuliza kama umeangalia beringi. Kushoto hukaa Bwana Afya, ambaye zamani alikuwa anaogesha ng'ombe kwenye josho huko Kilolo, na tangu hapo hakuna ugonjwa asioujua. Blandina ndiye mwenye birika la kahawa na kashata, na ulimi wake hana haja ya kuunoa. Mwisho kabisa wa benchi, karibu na baiskeli alizozipindua matairi juu, hukaa fundi baiskeli wetu, Droo.

Jina la Droo nilimpa mimi, siku ya kwanza alipokuja na pampu yake, miaka tisa iliyopita. Taya lake la chini lilikuwa limetoka mbele, kama droo iliyogoma kufunga. Watu walicheka, na yeye akacheka, basi jina likashika. Nilijiona mtu wa maana sana siku hiyo.

Sasa mwezi wa tano Droo alitoweka. Aliporudi alikuwa na uso mwingine. Hospitali kubwa ya Dar es Salaam wamelikata lile taya, wamelirudisha nyuma, wamelibana kwa vibati na skrubu ndogondogo. Wiki sita aliishi kwa uji na supu ya kuchuja. Hii ni wiki ya tisa. Meno yake yamefungwa waya, na juu ya waya ana viraba vya kuliongoza taya, ambavyo huvitoa akitaka kula au kuongea sana. Kila asubuhi hupachika vijiti vya aiskrimu katikati ya meno, kimoja juu ya kingine, kupima mdomo umefunguka kiasi gani. Alianza na vijiti vitano, leo yuko kumi na nne. Harusi yake na Yusta imebaki mwezi mmoja, na kamati ya harusi ni sisi. Hata lile kundi la WhatsApp nililifungua mimi, linaitwa "Harusi ya Droo".

Asubuhi hiyo alikuwa ametupa mgongo, ameshika kioo cha pembeni cha pikipiki, ameyaweka meno ya juu kwenye mdomo wa chini, anapuliza. Fff. Anapumzika. Fff.

Roli: Mnasikia hiyo? Hiyo inavuja.

Bwana Afya: Inavuja nini, mzee?

Roli: Hewa. Mashine ukishaifungua ukaifunga, gasketi haikai kama mwanzo. Sisi Mgololo tukimaliza matengenezo, mashine inazungushwa tupu kwanza, bila karatasi, mpaka izoee. Huyu kafungwa skrubu, moja kwa moja kapewa uji. Nani kamzungusha tupu?

Blandina: Kwani mtu naye anazungushwa tupu, baba?

Roli: Anatafuna hewa. Asubuhi mara mia, jioni mara mia.

Bwana Afya: Mzee, hiyo siyo mashine ya karatasi, hilo ni taya. Ng'ombe akiumia mdomo, unajuaje amepona? Akianza kucheua. Mimi nawaambia Droo hajacheua hata siku moja tangu arudi.

Blandina: Na wewe je, umeshacheua?

Bwana Afya: Mimi sijapasuliwa!

Mimi: Jamani, hoja iliyopo ni keki. Watu mia mbili ukumbini, MC anasema "bwana harusi afungue mdomo alishwe", na mdomo haufunguki. Kamati tutaweka wapi sura zetu?

Roli: Keki isagwe. Inawekwa kwenye bomba la sindano, lile kubwa. Bibi harusi anasukuma taratibu, watu wanapiga vigelegele.

Blandina: Mungu wangu. Yusta akusikie.

Droo hakugeuka. Alikunywa kahawa kidogo, na ikamchuruzika upande wa kushoto mpaka kwenye kidevu bila yeye kujua, maana mdomo wake wa chini bado una ganzi. Blandina akampa kitambaa kimya kimya, kama anavyofanya kila siku, akaendelea kumkorofisha Roli. Akajifuta, akainua kioo tena. Fff.

Bwana Afya: Nimeshajua. Ni baridi! Vile vyuma viko ndani ya mfupa. Chuma kikipata baridi kinasinyaa, si ndiyo, mzee Roli?

Roli: Kinasinyaa, ndiyo.

Bwana Afya: Basi. Vinasinyaa, panabaki upenyo, upepo wa Iringa unapita humo. Kule Dar alikuwa mzima kabisa. Harusi tuihamishie Pawaga, kwenye joto.

Mimi: Ukumbi tumeshalipia, Bwana Afya.

Bwana Afya: Basi apewe jiko la mkaa pale madhabahuni.

Blandina: Mchungaji atakuelewa sana.

Roli: Mimi naona tatizo siyo keki wala baridi. Tatizo ni kanisani. Kule kuna maneno ya kusema, na kipaza sauti kiko mdomoni. Ukiweka ile fff kwenye spika za kanisa, watu watakimbia nje wakidhani gesi.

Hilo lilikuwa kweli. Droo tangu zamani haongei sana. Tulizoea kumuuliza na kumjibia. Mteja akija na pancha, mmoja wetu anamweleza itachukua muda gani, na Droo anatikisa kichwa.

Bwana Afya: Dawa ipo. Apate msemaji. Mimi nasimama nyuma yake, karibu kabisa. Yeye anachezesha mdomo, mimi natoa sauti.

Roli: Sauti yako ya mnadani?

Bwana Afya: Nitailainisha. "Nakupokea wewe, Yusta, uwe mke wangu..."

Blandina: Halafu usiku nani anaondoka na Yusta?

Tulicheka mpaka kashata ikampalia Roli. Nilicheka kuliko wote, nikasema hilo wazo tulilete kwenye kikao cha Jumamosi. Ndipo Droo alipogeuka.

Droo: Hapana.

Alilisema polepole, meno yamekaribiana.

Droo: Nitasema mwenyewe. Kanisani, nitasema mwenyewe.

Mimi: Sawa kaka, tunatania tu. Lakini utaweza?

Droo: Mengine yote naweza. Kuna moja tu. Ndilo linanitoa jasho.

Roli: Neno gani hilo?

Droo: Likiwa tayari utalisikia. Hilo ndilo limenipeleka Dar.

Akatupa mgongo tena. Roli aliniangalia, mimi nikamwangalia Bwana Afya. Tulikuwa tumekubaliana siku nyingi, bila kumuuliza, kwamba alikwenda kupasuliwa ili apendeze kwenye picha.

Blandina: Litakuwa "nakupenda". Wanaume hilo linawashinda hata wenye mataya yao ya kuzaliwa.

Bwana Afya: Au "mpaka kifo". Hilo hata mimi lilinipa homa.

Wakati huo akatokea dada mmoja, sweta zito, kitenge kiunoni, amekumbatia faili la plastiki. Alikuwa mgeni mtaani, maana alisimama mbele ya benchi kwa adabu, na wenyeji huwa wanasukuma tu wakae.

– Kamwene.

– Kamwene, dada, tukamwitikia wote.

– Mimi naitwa Damari, mwinjilisti mpya wa hapa mtaani. Nina wiki moja tu tangu nifike. Nimeelekezwa kwenye benchi la kahawa. Namtafuta Philbert Kalinga.

Tukatazamana.

Roli: Philbert... Philbert... Si yule wa mashine ya kusaga?

Blandina: Yule alihamia Mbeya, mwaka wa tatu huu. Tena alikuwa Dastan.

Bwana Afya: Kalinga ninayemjua mimi ni Matilda. Ukimrushia Droo hela kwenye simu, linatokea jina Matilda Kalinga. Ni dada yake, laini alimsajilia yeye.

Mimi: Ndiyo, Matilda. Lakini Philbert hapana. Dada yangu, mimi nipo kwenye kibanda hiki miaka kumi na minne. Kila mguu wa mtaa huu naujua namba yake. Hapa hakuna Philbert. Wamekupoteza.

Niliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayejua, nikiwa nimeegemea nguzo ya kibanda changu. Yule dada alifungua faili, akaangalia karatasi yake tena.

– Mbona ni ajabu. Jumapili hii tunamtangazia ndoa kwa mara ya kwanza.

Nilisikia kioo kikiwekwa chini, kwenye mawe.

Droo alisimama. Akaingiza vidole mdomoni, akatoa viraba vyake, kimoja kushoto, kimoja kulia, akavitia kwenye mfuko wa shati. Akafuta kidevu kwa kitambaa cha Blandina. Halafu akayashusha meno ya juu, akayakalisha taratibu kwenye mdomo wa chini, pale pale alipokuwa anafanyia mazoezi asubuhi nzima, na nikaona kitu ambacho miaka tisa sikuwahi kukiwaza. Kwa lile taya la zamani, meno yale yasingefika pale hata angefanya nini.

Fff, ikaanza.

– Inavuja, akanong'ona Roli.

– Philbert, alisema Droo. Philbert Kalinga. Ni mimi.

Baridi yote ile, na paji lake lilikuwa na jasho. Lakini jina lilitoka zima, kila mtu alilisikia, hata yule mama wa nyanya upande wa pili wa barabara aligeuka. Akarudia tena, safari hii kwa kutabasamu, upande mmoja wa mdomo ukibaki nyuma kwa sababu ya ganzi.

– Philbert.

Blandina: Ndiyo lile neno?

– Ndiyo lenyewe. Kiapo kinaanza na jina lako mwenyewe. "Mimi Philbert." Shuleni nilikuwa nikilitaja, darasa zima linacheka, mwalimu ananiambia kaa chini. Nikaacha kulitaja. Mtu akiniuliza jina, nilikuwa namwonyesha kitambulisho.

Akaniangalia mimi.

– Siku ya kwanza hapa nilijipa moyo. Nikasema leo nalitaja. Nikawa nalivuta, nalivuta, we ukawahi.

Nilitamani ule ubao wa paini unifunike. Nilikumbuka vizuri kabisa. Alikuwa amefungua mdomo, na mimi nilidhani nawasaidia watu kucheka.

Mwinjilisti hakujua lolote kati ya hayo, na wala hakuwa na muda wa kujua. Alikaa kwenye nafasi ya Droo, akaweka faili magotini, akatoa kalamu.

– Haya, ndugu Philbert. Upande wa Yusta umekamilika, kwao wamesaini. Upande wako pamebaki sehemu moja tu. Anatakiwa shahidi, mtu anayekufahamu vizuri.

Akainua uso, akatuangalia mmoja mmoja, kwa upole tu.

– Nani hapa anamfahamu vizuri?

Roli alichungulia ndani ya kikombe chake. Bwana Afya akaanza kufunga kamba za kiatu, na kiatu chenyewe hakina kamba, nakijua, nimekishona mimi. Blandina alitikisa birika, halikuwa na kitu. Simu yangu ilikuwa inatetemeka mfukoni, lile kundi, mtu anauliza rangi ya sare za kamati. Sikuitoa. Nilitaka kusema mimi ni katibu wa kamati yake ya harusi, nikaona aibu hata kuianza hiyo sentensi. Miaka tisa namgawia kashata, na sikujua mtu huyu anaitwa nani.

– Jamani? alisema mwinjilisti. Swali si gumu.

– Andika huyu hapa, alisema Philbert, akaniwekea mkono begani, ule mkono wenye grisi.

– Anaitwa nani?

Nilifungua mdomo nimtajie. Sijui ningesema nini, labda Soli. Sikuwahi. Philbert alikuwa ameshayashusha meno yake kwenye mdomo wa chini, bila haraka, na safari hii bila jasho.

– Sifaeli, alisema. Andika Sifaeli Mgaya.

Blandina: Heee! Kumbe we ni Sifaeli?

Nilipokea kalamu, nikatia sahihi pale dada Damari aliponionyesha kwa kidole, pembeni ya maneno yanayosema kwamba namfahamu vizuri.