Dawa ya Maji

Kijiwe chetu hapa Kipatimu ni mbao moja ndefu juu ya matofali, mbele ya banda la kuziba pancha. Mzee Ahmadi huleta kahawa ya tangawizi, sisi tunaleta maneno, na maneno hayajawahi kutuishia. Majuzi bwana afya alitia dawa kwenye kisima cha mtaa, kwa kuwa watu wanaharisha. Kuanzia hapo wengi wamekisusa. Mwenye banda, Optatus, tunayemwita Presha, yeye alikipiga marufuku kabisa nyumbani kwake: maji yatoke mtoni. Na kwake ndiko kwenye mgonjwa, binti yake Angela, ambaye hata kunyonya hajaacha.

— Dawa anakunywa anayeumwa, alisema Presha, akizamisha mpira wa pikipiki kwenye karai. Mimi siumwi. Kila nikishikwa na kiu nimeze dawa?

Nikamkumbusha kwamba kwake kuna dawa ya meno, ya mbu na ya panya, na hajawahi kuuliza mgonjwa ni nani. Akanijibu kuwa hizo hatupikii chai.

Sixbert, yaani Maabara, alifika kidato cha nne na hataki tusahau. Akasema ile dawa ni klorini, na klorini ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye chumvi.

— Basi tumwage chumvi kisimani, biashara iishe, alisema Abilahi. Huyu tunamwita Kipaza, na akinong'ona anasikika hadi misheni.

Maabara akasema haiendi hivyo. Klorini ikiwa peke yake ni hewa ya sumu. Mwenzake, sodiamu, ukimtia majini analipuka. Wakishaungana, hakuna sumu wala mlipuko, ni chumvi ya mboga.

— Kama wakwe zangu, akasema Kipaza. Mmoja moto, mwingine sumu, na binti wao mpole.

Hapo Kipaza akapata kasi. Kama vitu hubadilika vikikutana, nani ajuaye klorini ikikutana na tangawizi tumboni itazaa nini? Huenda petroli. Huenda ndiyo maana ya dawa yenyewe: mafuta yamepanda bei, wanataka kutukamua sisi. Akamalizia kwa methali: dawa ya moto ni moto, kwa hiyo dawa ya maji ni maji, na huyo bwana afya angetia maji tu.

Presha hakucheka.

— Babu zetu humu humu Umatumbi, vita vya Maji Maji, waliambiwa maji ni dawa ya risasi, alisema. Yaliyowakuta mnayajua. Leo tunaambiwa dawa ni maji. Mimi sidanganywi mara mbili.

 

Hapo akaja Fortunata, mke wa Presha, Angela amelala mgongoni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama Angela.

Hakukaribia mbao. Alisema mtoto kaharisha tena, macho yameanza kuingia ndani. Zahanati wamempa pakiti ya chumvi na sukari, wakamwambia aikoroge kwenye lita moja ya maji safi, amnyweshe kidogo kidogo. Akamwonyesha mumewe ile pakiti.

— Baba Angela, niikoroge kwenye maji yapi?

Swali lenyewe lilikuwa dogo. Maabara akakuna kidevu.  Presha akatazama karai lake, maji ya mto, rangi ya chai ya maziwa, kisha akamgeukia muuza kahawa.

— Mzee Ahmadi, haya ya kahawa unachota wapi?

— Kisimani. Mtoni mbali, na magoti yangu mnayajua.

— Hata baada ya dawa?

— Hata leo.

Tukatazama vikombe. Vilikuwa vitupu vyote.

— Mimi nilidhani umezidisha tangawizi, alisema Kipaza polepole.

Presha akauacha mpira wa watu majini. Alimwambia mkewe atangulie nyumbani akawashe moto, maji yachemshwe yapoe kabla ya kukoroga, kisha akaenda mwenyewe kisimani. Huku kwetu mwanamume habebi ndoo kichwani. Alipita mbele ya kijiwe ameibeba kichwani, maji yakimchuruzika shingoni, na hakuna aliyemtania.