Mwanzilishi wa Tuzo Isiyotangazwa

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mliofika kutushika mkono, familia imemtuma mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yao, asome historia hii, naye ameomba ruhusa aanze na jambo ambalo hadi leo hakuna aliyelipatia jibu. Mtu ambaye tangu darasa la kwanza hakuanguka mtihani hata mmoja, ambaye wanafunzi wake walimbandika jina la Nusu Hakuna kwa sababu ukimwendea kuomba walau nusu alama alikujibu hivyo hivyo, bila kuinua macho kwenye karatasi anazosahihisha, ilikuwaje akaanzisha, kwa jasho lake mwenyewe, tuzo ya wanafunzi walioanguka? Mumewe alimuuliza, akaambiwa kwamba tuzo za wanaoongoza zimeshatosha. Wenzake wa kamati walimuuliza, akawaambia kwamba hilo ni kundi ambalo takwimu zao zimelisahau. Mdogo wake alimuuliza siku moja wakimenya viazi jikoni, naye akasema, "Wewe menya, watu wana njaa." Huenda majibu yote matatu ni ya kweli, na huenda hakuna lililo la kweli, familia imekubali kubaki nayo kama yalivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kinu cha kuchambua pamba, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa karani wa mizani na mkewe, mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa pazia, ambamo vumbi la pamba liliingia mpaka kwenye vikombe vya chai. Mama yao alikuwa akisema kwamba mtoto huyu huuliza mpaka sufuria inakaukia jikoni, na baba yao, aliyeshinda kazini akibishana na wakulima juu ya uzito wa magunia yao, alilalamika kwamba akifika nyumbani anamkuta mbishi mwingine anamsubiri mlangoni.

Alianza shule ya msingi Januari 1960, akajiunga na sekondari ya bweni ya wasichana Januari 1967, na mwezi Julai 1973 akaingia chuo kikuu, ambako mwaka 1976 alihitimu shahada ya hisabati na takwimu katika daraja la juu kabisa na kupewa medali ya kitivo. Alikwenda ng'ambo kwa masomo ya uzamili, akarejea mwaka 1978 akiwa na shahada ya pili, koti zito ambalo hakulivaa tena, na mazoea ya kunywa chai bila sukari, ambayo mama yake aliyachukulia kama ugonjwa na kumwombea apone. Tarehe 1 Oktoba mwaka huo aliajiriwa kuwa mhadhiri msaidizi katika chuo kile kile kilichomsomesha, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka alipostaafu, tarehe 31 Agosti 2012.

Alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1979 na bwana mfamasia tuliye naye hapa mbele, ambaye mara ya kwanza alimwendea ofisini ili amsaidie takwimu za utafiti wake, marehemu akazipitia karatasi zote, akamrudishia na kusema, "Hesabu zako nzuri, swali lako ndilo baya," na bwana yule, badala ya kununa, akarudi wiki iliyofuata na swali jingine, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuacha kurudi mpaka Jumatatu iliyopita. Walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa mwaka 1981, ambaye ni mhandisi wa maji, mwana wa kati aliyezaliwa mwaka 1984, ambaye ni mpiga picha, na binti mdogo aliyezaliwa mwaka 1989, ambaye ni mwalimu wa sekondari. Wajukuu wapo watano, na wote wanajua kwamba kwa bibi yao keki ilikatwa kwa rula.

Mwaka 1988 marehemu aliteuliwa kuwa katibu wa kamati ya tuzo za wanafunzi, kazi ambayo wengi waliikwepa, maana haikuwa na posho wala heshima, ilikuwa na chumba kidogo cha chini kando ya bohari, kabati la medali lenye mlango unaolia, na foleni ya watu wenye mapenzi mema. Walikuja wafanyabiashara, wajane, vyama vya taaluma, wazazi waliofiwa na watoto wao wakiwa chuoni, kila mmoja na tuzo yake kichwani na masharti yake mfukoni, na marehemu aliwakaribisha kiti, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kupunguza masharti polepole kama mtu anayechambua mchele. Kwa mzee mmoja aliyetaka tuzo ya mwanafunzi mwenye tabia njema aliuliza, "Tabia tutaipima kwa rula gani, mzee wangu?" wakaishia kwenye tuzo ya uandishi wa ripoti. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyetaka mshindi avae fulana yenye jina la duka siku ya mahafali, alielezwa kwa upole kwamba jina litakaa vizuri zaidi kwenye cheti kuliko mgongoni. Na wale waliotaka majina yao yaandikwe makubwa kuliko ya marehemu wao aliwauliza swali moja tu, "Tunamkumbuka nani hapa?" akawaacha wakalijibu wakiwa njiani kurudi kwao.

Mwaka 1996, kitabu chake cha takwimu kilipoanza kutumika vyuoni na kumwingizia fedha, alipeleka kwenye kamati pendekezo la tuzo yake mwenyewe, itakayotolewa kila mwaka kwa mwanafunzi aliyeanguka somo au mwaka, akarudia, na kufaulu vizuri kuliko wote waliorudia. Mjadala ulikuwa mkali. Mwenyekiti alisema, "Mwalimu, yaani tumpongeze mtu kwa kuanguka?" naye akajibu, "Kwa kuanguka hapana, hiyo watu wanaifanya bure." Mkuu wa kitivo cha tiba akasema kwamba yeye hatakubali mwanawe apasuliwe na daktari aliyerudia mtihani, na marehemu akamwambia, "Ameshawapasua wengi, Daktari, na wamepona, wewe hukuambiwa tu." Watu wakacheka, pendekezo likapita kwa tofauti ya kura chache, na marehemu akarudi nyumbani siku hiyo akiwa na furaha ambayo mumewe anasema hakuiona hata siku ya kupandishwa cheo.

Kosa lilikuwa mbele. Katika mahafali ya Novemba 1997, kwa utaratibu ambao marehemu mwenyewe aliuandika, kila tuzo ilisomwa pamoja na masharti yake kabla ya jina la mshindi, na ilipofika zamu ya tuzo hii, kipaza sauti kikatangaza kwa ukumbi mzima kwamba kijana fulani wa uhandisi alianguka mwaka wa pili, akaurudia, akafaulu kupita wenzake wote. Baba wa kijana, msimamizi wa kiwanda cha matofali, alikuwa amekaa safu ya nne na ndugu zake wote wakiwa wamevaa nguo mpya, na mwaka ule uliopotea aliambiwa kwamba chuo kilifungwa. Aliinuka, akapita katikati ya viti bila kumtazama mtu, mkewe akamfuata, na kijana akabaki jukwaani ameshika bahasha, huku watu wakipiga makofi wasijue wanapigia nini.

Siku mbili baadaye kijana alikuja kwenye kile chumba cha chini, akaiweka bahasha mezani, akasema, "Chukua, Mwalimu. Nilikuwa nimeshinda mpaka mliponitangaza." Marehemu aliifungia bahasha kabatini. Nyumbani alimwambia mumewe, "Nimemwanika mtoto wa watu," na wenzake wa kamati walipomkumbusha kwamba walimwonya, hakubishana, jambo lililowatisha kuliko kama angebishana. Wangeweza kuifuta tuzo wiki ile na hakuna ambaye angewalaumu.

Badala yake alianza kwenda kiwanda cha matofali siku za Jumamosi. Baba wa kijana hakumfukuza wala hakumkaribisha, alimwacha akae juu ya rundo la mbao karibu na tanuri, akaendelea kukagua matofali na kuyatenga yaliyopasuka, na marehemu, kwa kuwa hakuweza kukaa bure, akaanza kuuliza kwa nini hili limetengwa na lile limeachwa. Hivyo ndivyo walivyoanza kuzungumza. Jumamosi moja yule bwana akasema, bila kuulizwa, "Mama, usidhani nilimchukia kwa kuanguka, mimi mwenyewe shule iliniacha darasa la tano. Kilichoniuma ni kuambiwa habari za mwanangu na kipaza sauti." Marehemu akamwambia, "Kipaza sauti kile nilikiwasha mimi." Baba akafikiri kidogo, akasema, "Basi kizime."

Akakizima. Tangu mwaka 1998 mshindi wa tuzo hiyo aliulizwa kwanza, faraghani, kama anaitaka, akisema hapana hakuna aliyejua, akisema ndiyo alichagua mwenyewe apewe wapi na mbele ya nani, na marehemu akampelekea kwa mkono wake. Aliipeleka kantini, kituo cha mabasi, kwenye baraza ya maktaba mvua ikinyesha, na mara moja kwenye wodi ya wazazi, ambako mshindi alikuwa amejifungua siku iliyotangulia na alipokea cheti kwa mkono mmoja. Binti mmoja alitaka itangazwe mbele ya ukoo mzima, akisema, "Mwalimu, kuanguka kwangu wanakujua wote, na mwisho wake waujue," basi marehemu akasafiri, akasimama uani kwao, akatangaza kwa sauti mpaka majirani wakachungulia. Wapo waliokataa, naye hakuwashawishi. Yule kijana wa kwanza hakurudi kuichukua bahasha yake, na marehemu hakutaka tumsimulie kana kwamba alirudi.

Baada ya kustaafu aliendelea na kazi hiyo ya kupeleka, hakuiacha hata mwaka 2019 alipogunduliwa kuwa na maradhi ya figo, akaanza kusafishwa damu katika hospitali ya rufaa, na hata huko aliwapa wauguzi mazoezi ya takwimu kutoka kwenye chati zao wenyewe. Mwezi Februari mwaka huu chuo kiliiandikia familia, kwa nia njema kabisa, kwamba tuzo isiyotangazwa haiwezi kubaki katika orodha rasmi, hivyo ama washindi wachapishwe, ama tuzo igeuzwe kuwa ya mwanafunzi bora wa chuo kizima, kubwa kuliko zote, na jina la marehemu liandikwe kwa herufi za shaba kwenye ubao wa ukumbi mkuu. Alisomewa barua hiyo kitandani, akaomba isomwe tena, akasema, "Wamenipa heshima kubwa." Alipoulizwa wajibu nini, akasema, "Msiniulize mimi, kazi ya kupeleka sitakuwa nayo tena." Alifariki dunia Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia mgonjwa aliyekagua hesabu zao, majirani waliofungua milango yao na kutupikia bila kuitwa, wahadhiri wenzake na wanafunzi wake wa zamani waliojaa hapa hata nje ya uzio, na uongozi wa chuo, ambao tumewapa jibu letu jana na wamelipokea kwa uungwana.

Jibu hilo halikupatikana kwa urahisi. Jumatano jioni watoto walikaa sebuleni na baba yao, na binti mkubwa ndiye aliyeutetea ubao kwa muda mrefu kuliko wote, akisema, "Mama ameitumikia ofisi ile maisha yake yote, leo jina lake lisionekane hata ukutani?" Mdogo wake mpiga picha akamwambia, "Dada, ubao ule nimeupiga picha mara ngapi sijui, watu huuegemea tu." Binti mdogo akasema kwamba ubao si dhambi, na mama hakusema hataki. Kila mmoja alikuwa na haki yake. Ndipo baba yao akasema, "Mnajibizana vizuri, lakini swali lenu ni baya. Matokeo ya marudio yametoka jana. Kuna mtoto ameulizwa na mkuu wa idara ya mama yenu, amesema ndiyo, na anangoja. Nani anakwenda?"

Iliamuliwa usiku ule kwamba tuzo itoke katika orodha ya chuo na ibaki kama ilivyo, mkuu wa idara akapigiwa simu, akakubali kuendelea kuwauliza wanafunzi faraghani, na ubao ukaachwa kwa wengine wanaostahili. Binti mkubwa akainuka, akaenda chumbani kwa mama yake, akatoka na cheti, akaandika jina kwa mkono wake, na Alhamisi alfajiri akapanda basi kwenda mahali alipopachagua mwanafunzi huyo. Amerudi jana jioni viatu vimejaa tope, akala, akakaa na wenzake. Hakutuambia ni nani, wala ni wapi, nasi hatukumuuliza.

Pumzika sasa, Dada, kwa utulivu wote uliowaachia wengine. Tuzo imefika.