Mama Émérence na Marufuku ya Sigara Chuoni

Baada ya miaka ishirini na tisa katika ofisi ya kuandikisha wanafunzi ya Chuo cha Juu cha Mwambao, hapa Kalemie, Mama Émérence anastaafu tarehe 31 Julai 2025. Aliingia akiwa mpiga chapa, anaondoka akiwa mkuu wa ofisi. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemshinda kwa ubishi, na wengi tulijaribu.

Mwaka 2018 ni yeye aliyelishikia bango suala la sigara mpaka zikapigwa marufuku chuoni kote. Profesa Évariste, mvutaji sugu, akahamia ng'ambo ya barabara. Mvua iliponyesha Mama alimpelekea mwavuli. Ruhusa ya kurudi na sigara yake hakumpelekea.

Mwaka uliofuata idadi ya wanafunzi ilishuka kutoka 640 hadi 531. Kamati ya uongozi ikasema vijana wamekimbilia vyuo vinavyowaacha wavute, kwa hiyo marufuku iondolewe. Mama akaomba wiki tatu. Akachukua orodha ya wasiorudi, akapita nyumba kwa nyumba, kuanzia Lubuye hadi kambi za wavuvi, akapanda hata boti kwenda Moba.

Wavutaji aliowakuta ni wa kuhesabu kwa vidole. Wengi walikuwa wasichana ambao mama zao hukausha samaki kwa moshi. Walinzi waliwanusa nguo getini, wakawafukuza kama wavutaji, nao kwa aibu wakabaki nyumbani. Na amri ya kunusa nguo ilikuwa imetoka kwa Mama Émérence mwenyewe.

Angeweza kunyamaza. Badala yake aliomba radhi kila mlango, mbele ya wazazi: "Miye njo nilikosa. Mutoto arudi kwa masomo." Kisha akakiri mbele ya kamati, akaifuta amri ya kunusa, lakini marufuku yenyewe akakataa isiguswe. Mwaka uliofuata tuliandikisha wanafunzi 702, na hadi leo hakuna anayevuta ndani ya uzio wetu.

Ana maneno makali, tusifiche. Faili likichelewa, ofisi nzima ilijua.

Anayeandika haya ni mmoja wa wasichana wale. Nilikuwa nageuza samaki na mama yangu, masomo nimeshayakatia tamaa, Mama Émérence alipopiga hodi. Jumatatu nakalia kiti chake, na sigara hazitaingia. Asante, Mama, kwa kuja kwetu. Uishi siku nyingi zenye afya na furaha.

Angélique, ofisi ya kuandikisha wanafunzi