Nyuzi Tisini na Moja

Wapendwa waombolezaji, familia imenituma mimi mdogo wake, Katana, niwasomee safari ya kaka yetu, na tarehe mtakazozisikia zimetoka ukurasa wa nyuma wa Biblia yake, alikoziandika kwa mkono wake mwenyewe.

Marehemu Nicanor Thoya alizaliwa tarehe 3 Machi 1974 hapa Magogoni, Kisauni, akasoma shule ya msingi papa hapa hadi 1988, sekondari hadi 1992, kisha chuo cha ufundi, akahitimu fundi wa vipimo mwaka 1996 na kuajiriwa kiwandani Changamwe. Tarehe 11 Desemba 1999 alifunga ndoa na Jerioth Wanjiru, msimamizi wake akiwa Gedion, ambaye walikuwa chanda na pete tangu chuoni, na Mungu akawajalia Rosalia, Lenox na Mbeyu, ambao homa zao alizipima mara tatu tatu hadi mama yao akachoka kungoja, maana Nicanor hakuamini namba mpaka irudi ileile mara ya tatu.

Mwaka 2015 Gedion, sasa mhandisi mkuu wa kampuni ya kutafuta jotoardhi, alimchukua hadi kisiwa kimoja cha volkeno upande wa Komoro, wachimbe visima vya majaribio na kupima kama joto la chini latosha kuzalisha umeme, na wenyeji wakamwita ndugu kwa kuwa lugha zao zinakaribiana. Tarehe 14 Agosti 2017, chini ya mstari wa kuzaliwa kwa Mbeyu, Biblia yasema: kisima cha pili, nyuzi 91, mara tatu. Ripoti iliyotoka mezani kwa Gedion kwenda kwa wafadhili, yenye jina la Nicanor, ilisema 231, na kwa ripoti hiyo wenyeji waling'oa mikarafuu yao kupisha mtambo ambao haukujengwa, kwa kuwa moto ulioahidiwa haukuwapo.

Gedion alimwambia, "Nyamaza kidogo tu, Nicanor, neno la kweli nitalisema mwenyewe." Akanyamaza, kwa kuwa aliyemwambia alisimama naye madhabahuni, akafutwa kazi, na watu wa kisiwani waliomwita ndugu wakampigia simu kumwita mwongo, naye akarudi Mishomoroni kutengeneza majiko ya gesi, akingoja neno hilo miaka minane. Figo zilianza kumsumbua Februari 2023, akafariki tarehe 9 Mei mwaka huu, na daktari ameandika figo, nasi hatubishani na daktari, lakini kikulacho ki nguoni mwako.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliomsafisha damu, majirani waliotuletea hema na viti bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wa zamani, akiwemo Gedion, aliyeketi safu ya pili na ambaye maua yake tumeyapokea. Kwenye ratiba pana neno la rafiki, hatukuandika jina, kipaza sauti nakiacha hapa kikiwa wazi, na jeneza halitateremshwa kwanza, tutangoja.

Kaka, ulipima sawasawa. Pumzika kwa amani.