Mlango wa Mzee Ooko

Benchi la kijiwe hiki cha mtaa wa Ziwani lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia hujua kila kitu isipokuwa wanachoulizwa. Norah hakuwa mtu wa kijiweni. Jumamosi hiyo alikuja kwa sababu moja. Ndirangu, mchoraji wa mabango, alikuwa ameshapaka ukuta wa jirani rangi nyeupe, na sasa alisubiri maneno ya kumkumbuka babake Norah, Mzee Ooko, aliyepelekwa vitani Burma akiwa na miaka kumi na minane, akafariki mwaka jana akiwa na tisini na tisa. Kesho, baada ya kanisa, mtaa mzima ungekuja kuyasoma. Norah alikuwa na karatasi yenye mstari mmoja. Wanakijiwe, kahawa mkononi, walikuwa na vita vizima.

— Andika alidungua ndege, akasema Muturi, mlinzi wa ghala kule soko la Gikomba, ambaye hajawahi kuwa askari lakini wote humwita Sajenti. — Ndege mbili. Risasi moja.

— Wacha hizo, buda, akadakia Odongo, karani mstaafu wa reli, ambaye kijiweni ni Wakili. — Ilikuwa manowari. Aliizamisha kwa panga.

— Lakini Burma ni msituni, Wakili! Manowari ilipitia wapi?

— Si mtoni? Maji ni maji. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa hivyo tumsifu mpaka basi!

— Methali hiyo inakataza, akasema Norah, ambaye mtaani ni Mama Winny.

— Mama Winny, methali ni kama kiatu cha mtumba. Mguu ukiingia, ni chako.

Wakacheka. Norah alikunjua karatasi yake.

— Babangu hakupiga risasi hata moja. Alibeba machela. Majeruhi mmoja, wabebaji wanne. Hilo ndilo litakaloandikwa.

— Machela tu? Sajenti akauliza, kama mtu aliyepunjwa kahawa. — Watatucheka. Watasema shujaa wetu alikuwa hamali.

— Muturi, mamako alipozidiwa, alifikaje barabarani?

Sajenti akatazama ndani ya kikombe. Wote walijua. Gari la wagonjwa haliingii katika vichochoro vile. Kwa miaka sitini, mtu akizidiwa, Mzee Ooko aling'oa mlango wa nyumba yake, ambao bawaba zake alizipaka grisi kila mwezi ili pini zichomoke upesi, akamlaza mgonjwa juu yake, akanyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Hakuna aliyethubutu kukataa. Alipozeeka alitangulia mbele, akiwahesabia hatua, na mlango haukuyumba.

— Hata mimi nilibebwa, nikiwa na malaria, Odongo akasema polepole. Kisha uwakili ukampanda. — Na njiani Mzee akapigana na simba.

— Simba, hapa Ziwani?

— Alikuwa ametoroka mbugani! Ndirangu, andika simba!

— Ukiandika simba, nitaukwangua ukuta huu kwa kucha, akasema Norah. Hakupaza sauti. Ndirangu akashusha brashi.

Hapo akapita Gedi, aliyehamia nyumba ya mwisho mwezi uliopita. Alisimama.

— Samahani, wazee. Nimesikia mkisema kuna watu hubeba wagonjwa. Mke wangu ana mimba ya miezi tisa. Akishikwa na uchungu, nimwite nani?

Sajenti akamtazama Wakili. Wakili akamtazama Ndirangu.

Norah alifungua mdomo, na jina pekee lililomjia lilikuwa la marehemu. Akaisoma tena karatasi yake. Kila neno lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yasingemfikisha mwanamke yule barabarani.

— Ndirangu, andika: "Ooko alibeba majeruhi Burma, akabeba wagonjwa Ziwani." Chini yake: "Sasa tunabeba sisi." Kisha majina manne. La kwanza, Norah.

— Mama Winny, una miaka sitini na tatu! Sajenti akasema.

— Umri wangu naujua. Na wako pia naujua.

Ndirangu akaandika yote, herufi kwa herufi, hadi Norah. Akachovya brashi tena na, bila kuulizwa, akaandika jina lake mwenyewe. Kisha akaligeukia benchi.

— Rangi inakauka, akasema.