Hilja na Mshipa wa Chini ya Sauna

"Jamani, mwanamke huyu ataniua! Anataka kunibomolea sauna ya baba yangu! Nioge wapi, mtoni na samaki?"

Ndivyo alivyolalamika Mzee Arvi kila kiangazi kwa miaka thelathini na nane. Na marehemu mke wake, Hilja, alimjibu bila kuinua macho: "Kuoga utaoga popote, mume wangu. Mshipa wa dhahabu uko sehemu moja tu."

Hilja Inkeri Nuolioja, shangazi yangu, alizaliwa tarehe 3 Mei 1942 Sodankylä, Laplandi, kaskazini kwenye theluji, binti wa Eino na Saimi Kerkelä. Vita vilipofika Laplandi mwaka 1944, familia ilikimbilia Sweden. Aliporudi, mfuko wa koti lake ulikuwa umejaa mawe. Bibi yake alidhani ni mkate, akang'ata. Jino moja likaenda.

Alisoma shule hapahapa Sodankylä, kisha Chuo Kikuu cha Oulu, ambako alihitimu mambo ya miamba mwaka 1967. Mwaka uliofuata aliajiriwa serikalini, Rovaniemi, akapima na kupanga miamba mpaka alipostaafu mwaka 2005.

Mimi shule niliiacha mapema, lakini dhahabu naijua, maana alinifundisha saunani. Alimwaga maji juu ya mawe ya moto, akasema, "Ona mvuke unavyotafuta nyufa, Jouko. Milima ikisukumana, huko chini kilomita kumi, maji ya moto yanabeba dhahabu, yanapanda na ufa. Presha ikishuka, mzigo unaanguka. Hiyo ndiyo ya milima. Ya volkano inaiva karibu na juu, penye chemchemi za moto. Ya mtoni ni dhahabu iliyong'oka kwao, maji yakaisomba."

Nikamuuliza, "Na Mzee Arvi ni wa aina gani?"

"Huyo? Wa mtoni kabisa. Maji yamemsomba, akakwama kwangu."

Alikwama tarehe 21 Juni 1969, siku ya ndoa yao. Walipokutana, Arvi alikuwa akichekecha dhahabu kwa karai kwenye kijito cha Pikkuoja, na Shangazi alikuja kukagua mchanga, akakagua na mwenye mchanga. Mungu aliwajalia binti mmoja, Marjut. Kiangazi cha 1985 wakachota punje za dhahabu mbele ya mlango wa sauna. Zilikuwa na ncha kali. Dhahabu iliyotembea mbali huviringika, ikalainika. Yenye ncha haijaenda mbali na kwao. Shangazi akasema kwao ni chini ya sauna. Arvi akasema barafu ya zamani iliyofunika nchi hii ndiyo iliyoileta, tena ikae kimya. Ugomvi ukaanzia hapo, na hawakuwahi kulala bila kupeana kahawa.

Mwaka 2021 moyo wa Shangazi ulianza kuchoka. Daktari alimkataza joto la sauna. Alimsikiliza kwa heshima kubwa, akamshukuru, akaenda kupasha sauna moto.

Alifariki usingizini nyumbani kwake, Jumatatu tarehe 14 Agosti 2023, akiwa na miaka 81. Ameacha mume, Arvi, binti, Marjut, wajukuu wawili, Ilari na Venla, mimi mtoto wa kaka yake, na masanduku mia mbili ya mawe, kila jiwe na karatasi yenye jina la aina yake.

Jumamosi ile ya mwisho nilikuwepo. Arvi alikuwa amechimba mfereji wa maji nyuma ya sauna, akatoka na kipande kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, chenye ncha, bado kimeng'ang'ania jiwe jeupe. Akamwekea Shangazi mkononi.

"Hilja, sema tu. Imetembea, au imezaliwa hapa? Ukisema hapa, kesho naibomoa kwa mikono yangu. Nataka ujue kabla... nataka ujue."

Shangazi akakitazama kwa lenzi yake, muda mrefu sana. Akatabasamu. Akamrudishia. Kisha akatupa taulo begani, akachukua fagio lake la majani ya mti wa mbetula, lile la kujichapa mwilini kwenye mvuke, akashika njia ya sauna.

"Hilja! Nakuuliza wewe, bibie!"

Mlango ukafungwa, maji yakalia juu ya mawe. Apumzike kwa amani, na mawe yake yasipoe.