Mama Pimamaji, Mchimbaji wa Mfereji

Ndugu, majirani na wote mliofika hapa, familia imenipa mimi, mtoto wake wa tatu, kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Pimamaji, na kwa kuwa mwenyewe alipenda tarehe kuliko sifa, nitawapa tarehe.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, katika nyumba ya matofali mabichi iliyokuwa upande wa juu wa barabara ya shule, akiwa wa pili kati ya watoto saba wa mkulima wa mahindi na maharage, na kati ya hao saba amebaki mdogo wao wa mwisho, mama yetu mdogo, aliyeketi hapa mbele.

Alianza shule Januari 1949 na kuacha Desemba 1952, baada ya darasa la nne, si kwa kushindwa, kwani ripoti yake ya mwisho inaonyesha alikuwa wa pili katika hesabu, ila kwa sababu darasa la tano lilikuwa ng'ambo ya mto, na babu alisema msichana hawezi kuvuka mto kila siku kwa ajili ya kujumlisha. Kwa miaka sita iliyofuata mama alivuka mto huohuo kila siku, akimbebea mchanga mjomba wake, fundi mwashi, na hakuna aliyeona hatari.

Kwa mjomba ndiko alikojifunza kutumia pimamaji, kile kipande cha mbao chenye kichupa cha maji na kiputo kimoja cha hewa, ambacho fundi hukilaza juu ya ukuta kujua kama umekaa sawa. Alipoolewa na baba yetu, dereva wa trekta, tarehe 3 Septemba 1960, wageni walileta masufuria na vitenge, mjomba akaleta pimamaji yake ya zamani, na wapo waliosema bibi harusi amekosewa zawadi.

Walijaliwa watoto sita, wasichana wanne na wavulana wawili, wa pili kati yetu alifariki kwa surua mwaka 1966, na mama kila alipoulizwa ana watoto wangapi alijibu sita, hata na karani wa sensa alibishana naye hadi akaandika sita.

Mwaka 1967 mvua hazikutosha, mwaka 1968 hazikunyesha kabisa, wanaume wa kijiji hiki wakaondoka kwenda kutafuta kazi kwenye reli na kwenye mashamba makubwa, baba yetu akiwa mmoja wao, na waliobaki walikuwa wanawake, wazee na watoto. Chemchemi ya mlimani ilikuwa bado inatoa maji. Jumatatu ya tarehe 6 Januari 1969, wanawake kumi na wawili walipanda mlima na majembe yao, mama akatangulia na pimamaji juu ya ubao mrefu, chini ya ncha moja ya ubao ameweka kiberiti, na kiputo kilipotulia katikati alijua kwamba ardhi imeshuka kwa unene wa kiberiti kimoja, mteremko unaotosha maji kutembea bila kubomoa kingo. Hivyo ndivyo mfereji wote ulivyopimwa, ubao kwa ubao, mita elfu mbili na mia tatu. Baba alisikia habari hizo kazini, akaandika barua kuuliza kama ni kweli mke wake anapeleka chemchemi matembezi kwa kiberiti, naye akamjibu kwa mstari mmoja, "Kiberiti ninacho, wewe leta sigara."

Mke wa mhunzi alivunjika mguu mwezi Machi, jiwe lilipoteleza, akaendelea kuja na kukaa akinoa majembe ya wenzake. Mimi nilizaliwa Ijumaa ya tarehe 11 Aprili 1969, na kwenye kadi yangu ya zahanati muuguzi aliandika kwa mkono wake, "Mama ameletwa kutoka mferejini." Mama alipumzika siku thelathini, akarudi kazini. Maji yalifika mashamba ya chini Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 1969, kabla ya saa sita mchana, na hapakuwa na mgeni rasmi.

Wanaume walirudi Desemba mwaka huo. Mwaka 1971 walijenga lango la saruji pale juu, wakaandika mwaka huo kwenye saruji ingali mbichi, na kazi yao ni nzuri, ipo hadi leo, familia haimnyimi mtu haki yake. Iliundwa kamati ya mfereji ya watu tisa, wote wanaume, na mama alipoomba kuingia aliambiwa asubiri nafasi. Alisubiri miaka kumi na miwili. Mwaka 1983 kamati iliamua kuunyoosha mfereji ili kufupisha njia, ikapima kwa macho, na maji yakasimama mita mia nne kutoka langoni, yakakataa kupanda ingawa kamati nzima ilikuwapo. Mwenyekiti wa wakati huo, shemeji yake, alikuja nyumbani kwetu akasimama mlangoni, akasema, "Shemeji, tuazime kile kidude chako," mama akamwambia, "Hakiazimwi, kinakuja na mwenyewe."

Ndivyo alivyoingia kwenye kamati. Alikuwa msimamizi wa zamu za maji kuanzia mwaka 1983 hadi 2005, na katika miaka hiyo ishirini na miwili alimfungia maji kila aliyeiba zamu, akiwemo shemeji huyohuyo, mara mbili, na mimi mara moja, nilipodhani kuwa mwanawe ni cheo.

Mwaka 2021 kamati ilitoa kitabu cha historia ya kijiji, kurasa sitini na nne, kilichoandikwa na mwalimu mstaafu ambaye sote tunamheshimu, na ukurasa wa kumi na moja ulisema kwamba mwaka 1971 wanaume wa kijiji walichimba mfereji, wanawake walisaidia kuchimba. Mama alikisoma mwenyewe kwa miwani yake, akakifunga, akaenda kwa mwalimu. Mwalimu alimpokea vizuri, akamwambia, "Bibi, hilo ni suala la lugha tu," naye akajibu, "Kama ni lugha tu, basi badilisha." Alipomwona anasita, alininyooshea kidole mimi, niliyekuwa nimemsindikiza, akauliza, "Mwalimu, huyu nilimzaa, au nilisaidia kuzaa?" Mwalimu alicheka sana, lakini hakubadilisha. Mama aliandikia kamati barua tatu, ya tatu akiambatanisha nakala ya kadi yangu ya zahanati, yenye tarehe ya miaka miwili kabla ya ile ya saruji, na akajibiwa kwamba kadi hiyo inahusu mtoto, haihusu mfereji.

Siku ya uzinduzi wa kitabu, ukurasa huo uliposomwa kwenye kipaza sauti, mama aliinuka akaondoka, wenzake watano wa mferejini wakainuka nyuma yake, kisha wapishi nao wakaacha masufuria motoni wakawafuata. Kamati na wageni wake walikula kilichoungua, na kumbukumbu za siku hiyo, ambazo nimezisoma, zinasema chakula kilikuwa kizuri.

Tarehe 9 Novemba 2023 mama alipata kiharusi akiwa bustanini, mkono wa kulia na mguu wa kulia vikalegea, sauti ikapotea. Alilazwa hospitali ya wilaya kwa wiki tano. Huko alitembelewa na mwalimu, aliyekuja na karatasi ya toleo la pili la kitabu, tarehe ikiwa imerekebishwa kuwa 1969, jambo tunalomshukuru, lakini maneno "walisaidia kuchimba" yakiwa palepale. Mama aliomba kalamu kwa ishara, akaishika kwa mkono wa kushoto, akachukua muda mrefu, akakata herufi nane, "saidia" na "ku", kisha akailaza karatasi kitandani. Kilichobaki kinasomeka "walichimba." Mwalimu aliondoka bila karatasi hiyo, tukaitunza.

Mama alifariki dunia nyumbani kwake, Jumanne ya tarehe 14 Mei 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu na miezi miwili, ameacha watoto watano, wajukuu kumi na tisa na vitukuu wanne.

Juzi Alhamisi mwenyekiti wa sasa wa kamati alikuja kutupa pole, na baada ya pole akaomba kwamba, kwa kuwa leo kuna wageni kutoka wilayani, historia hii iseme mama alishiriki katika ujenzi wa mfereji, na kwamba ikisema hivyo, ukumbi wa kamati utapewa jina lake. Familia ilikaa chini ya mti wa limau, ikazungumza kwa muda usiozidi kuchemsha chai, na jibu letu ni hili ninalolisoma. Hatuhitaji ukumbi. Toleo la pili halijachapwa, mwalimu yuko hapa katika safu ya tatu, karatasi ninayo mkononi, na nikimaliza kusoma nitamkabidhi mbele yenu wote. Kati ya wale wachimbaji kumi na wawili, wamebaki watatu, mfinyanzi, mkunga na mke wa mhunzi, na tunawaomba wasimame kama wanaweza, asiyeweza ainue mkono, ili wageni kutoka wilayani wawaone, na mwandishi wa kitabu awahesabu.

Asanteni, mama zetu, kaeni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, hasa muuguzi wa zamu aliyempatia mgonjwa kalamu yake mwenyewe bila kuuliza ya nini, majirani waliomgeuza kitandani na kumfulia kwa miezi mitano, wajumbe wa kamati ya mfereji waliofanya naye kazi kwa uaminifu, nao wanajijua, vijana waliochimba kaburi tangu alfajiri, na kila aliyetoka shambani kwake siku ya zamu yake ya maji ili awe nasi hapa.

Mama, pumzika. Ulichimba.